Utukufu wa Jiwe la Pizza

Miongoni mwa vyombo vinavyoingia jikoni kwa gharama na kukaa humo kwa usumbufu, hakuna kinachostahili kutukuzwa zaidi ya jiwe la pizza, yaani lile bamba nene la jiwe au la udongo uliochomwa, la duara au la mraba, linalowekwa ndani ya oveni na kupashwa moto kabla ya kinyunya cha pizza kulazwa juu yake. Sufuria, mwiko na kisu husifiwa kwa kuwa vinamtumikia mwenye navyo, na hiyo ni sifa ya mtumishi tu. Jiwe limepanda daraja nyingine, kwa sababu limefaulu kumfanya mwenye nalo alitumikie yeye, tena limefanya hivyo bila waya, bila betri, bila kitufe hata kimoja na bila kusogea mahali lilipo, jambo ambalo watawala wengi wenye majeshi hawakuliweza.

Nasaba yake ni ya juu, wala haihitaji kutiwa chumvi. Katika mji wa Napoli, kusini mwa Italia, pizza huokwa juu ya sakafu ya tanuri la kuni, yaani sehemu ya chini iliyotandikwa vigae vya udongo, na chama cha kutetea pizza ya asili kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1984, Associazione Verace Pizza Napoletana, kinataka tanuri hilo liwe na joto linalozidi nyuzi 400 za Selsiasi, kiasi kwamba pizza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza sanaa ya waokaji hao katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, heshima ambayo jiwe la nyumbani limejigawia bila kuombwa, kwa hoja kwamba lenyewe ni kipande cha sakafu hiyo kilichohamia ughaibuni. Ndugu zake hawakosekani hata katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa maana mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama, nao huokwa ndani ya tanuri la udongo lililokwisha kupata moto, ukanywa joto lililohifadhiwa katika kuta zake. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, inayouzwa usiku katika bustani ya Forodhani, haimo katika ukoo huu, kwa kuwa hukaangwa kwa mafuta juu ya bamba la chuma na huwa imekwisha kuliwa kabla mwenye jiwe hajamaliza kupasha oveni yake moto; kwa sababu hiyo haifai kutajwa tena.

Mawe mengi yanayouzwa leo hayakuchongwa mlimani, bali yamefinyangwa kiwandani kwa kodieriti, madini yenye magnesi, alumini na silika, yaliyopewa jina la mwanajiolojia wa Ufaransa, Louis Cordier, aliyeishi kuanzia mwaka 1777 hadi 1861. Sifa ya kodieriti ni kwamba hutanuka kidogo sana inapopata joto, na kwa kuwa vitu vigumu hupasuka pale sehemu moja inapotanuka huku nyingine ikikataa, madini haya hupendwa na wafinyanzi kwa ajili ya rafu za matanuri yao, na hupendwa vilevile na watengenezaji wa magari, ambao huyatumia katika kile kifaa cha kusafisha moshi kinachofungwa kwenye ekzosi. Si vyombo vingi vya jikoni vinavyoweza kujivunia jamaa katika sanaa na katika gereji kwa wakati mmoja.

Ili utukufu wa jiwe ueleweke, sharti kwanza ieleweke kazi linalodaiwa kuifanya. Kinyunya kibichi kina maji mengi, na juu yake hupakwa sosi ya nyanya na kutandazwa jibini, ambavyo navyo vina maji. Kikiwekwa juu ya sinia baridi na kuingizwa ndani ya oveni, sehemu ya juu huiva kwa hewa ya moto na mnururisho wa kuta, ilhali kitako hubaki kimelowa na kulegea, kwa sababu hewa ni mpitishaji dhaifu wa joto na sinia jembamba halikuwa na akiba yoyote ya joto. Jiwe hutatua tatizo hilo kwa akiba. Bamba la mraba lenye upande wa sentimeta 38 na unene wa sentimeta moja na nusu lina uzito wa zaidi ya kilo nne, na uzito huo wote, ukishashiba moto, humwaga joto kwenye kitako cha pizza mara tu kinapoguswa, hivyo maji yakageuka mvuke kwa haraka, kinyunya kikainuka, na ganda la chini likakauka na kupata rangi ya hudhurungi. Anayelalamika kwamba jiwe ni zito analalamika kwamba benki ina fedha.

Hata hivyo akiba haiwekwi kwa dakika moja, na hapa ndipo tabia ya jiwe inapong'aa. Oveni ya kawaida huzima taa yake ndogo baada ya robo saa au chini ya hapo, ikimaanisha kwamba hewa iliyomo imefikia joto lililotakiwa, na mpishi asiye na malezi hudhani kwamba kazi imekwisha. Taa hiyo haijui habari za jiwe. Jiwe huhitaji dakika 45 hadi saa nzima katika joto la juu kabisa la oveni, na katika muda huo halionyeshi dalili yoyote ya maendeleo: halichemki, halibadiliki rangi, halitoi harufu. Katika nyumba zinazotumia umeme wa Luku au wa tokeni, ambamo kila mtu amezoea kutazama mita kwa jicho la wasiwasi, oveni yenye nguvu ya wati 2,000 inaweza kula karibu uniti mbili katika saa hiyo kabla hata nyanya haijamenywa. Watu wenye roho ndogo huita jambo hili hasara. Mtu mwenye busara ataona kwamba hakuna njia nyingine ya halali ya kuwakalisha jamaa pamoja kwa saa nzima, wote wakiwa na njaa na wote wakitazama upande mmoja.

Jiwe lina mpinzani mmoja wa kweli, nalo ni bamba la feleji, yaani chuma kigumu, ambalo lilipigiwa debe na kitabu cha Modernist Cuisine cha Nathan Myhrvold na wenzake kilichotoka mwaka 2011. Hoja ya wafuasi wa feleji inahusu upitishaji joto, ambao ni wepesi wa joto kupenya ndani ya kitu na kutoka kwenda kwenye kingine. Katika jambo hilo feleji hulishinda jiwe kwa zaidi ya mara kumi, na kwa hiyo, katika oveni ileile yenye joto lilelile, huivisha kitako cha pizza upesi zaidi. Hoja hiyo ni sahihi, na kwa sababu hiyo haina budi kujibiwa kwa ustadi. Katika tanuri la Napoli upole wa udongo ndio wokovu wa pizza, kwa maana sakafu ya chuma yenye joto la nyuzi zaidi ya 400 ingekifanya kitako kuwa mkaa kabla jibini haijayeyuka vizuri, ilhali udongo hutoa joto lake kwa kujizuia. Ni kweli kwamba oveni nyingi za nyumbani huishia nyuzi 250 au karibu na hapo, na kwamba katika kiwango hicho kujizuia kwa jiwe hakumkingi mtu na hatari yoyote bali humchelewesha tu, hata pizza ikachukua dakika saba au nane badala ya moja na nusu. Lakini jiwe si la kuacha malezi mema kwa sababu tu hayahitajiki. Aidha, feleji hushika kutu ikiachwa na maji, kosa ambalo jiwe halijapata kulifanya hata siku moja.

Kuhusu namna ya kuihamishia pizza juu ya jiwe, yatosha kusema kwamba hutumika ubao mpana wenye mpini, unaonyunyizwa semolina au unga wa mahindi ili kinyunya kiteleze, na kwamba kinyunya kikikaa juu ya ubao huo kwa muda wa maongezi ya kawaida hunata. Hapo mwokaji akivuta ubao kwa ghafla, kama alivyofundishwa, nusu ya pizza hubaki ubaoni na nusu nyingine huingia motoni pamoja na sosi yote. Jiwe hupokea kilicholetwa bila kuuliza.

Kinachoachwa juu yake huwa chake milele, na hili linaingiza somo la usafi, ambalo ndilo kilele cha ukuu wa jiwe. Kodieriti na udongo uliochomwa vina vinyweleo, yaani matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na matundu hayo hunywa kila kioevu kinachoyakaribia. Sabuni ni mwiko, kwa kuwa huingia humo na kutoka siku nyingine ikiwa ladha ndani ya pizza ya wageni. Kuliloweka jiwe ni mwiko mkubwa zaidi, kwa kuwa maji yaliyojificha ndani yake, yakipashwa moto kwa haraka, hugeuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali, na mvuke ukikosa njia ya kutokea huitengeneza. Mafuta nayo hayafai, ingawa walezi wa makaango ya chuma cha kalibu hushawishika kulipaka jiwe ili lipate ngozi laini. Mafuta hayo huzama, huungua, na kuijaza nyumba moshi kila oveni inapowashwa. Adabu inayotakiwa ni ile ya mtu na mkwewe: lisikaribiwe lingali na moto, lisubiriwe mpaka lipoe lenyewe humohumo ndani ya oveni, hata ikibidi kulala, kisha likwanguliwe taratibu kwa kikwangulio bapa, lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na liachwe likauke kabisa kabla ya kuitwa kazini tena. Katika miji ya pwani, ambako hewa yenyewe ina maji, neno "kabisa" lichukuliwe kwa uzito wake.

Baada ya utumishi huo wote jiwe halitakuwa safi, nalo halikuahidi kuwa. Madoa meusi ya jibini na nyanya yaliyoungua hubaki, na kwa mtu asiyejua huonekana kama dalili ya nyumba isiyo na mwanamke wala mwanamume wa kufua kitambaa. Ukweli ni kwamba madoa hayo ni kaboni iliyokwisha kuteketea, hayana ladha wala madhara, na uso mweusi hunywa mnururisho wa joto vizuri zaidi kuliko mweupe. Jiwe ndilo chombo pekee jikoni ambacho uchafu wake unaweza kutetewa kwa fizikia.

Wengi huishia kuliacha ndani ya oveni mwaka mzima, kwa sababu kabati halina pa kuliweka na mikono imechoka kulibeba. Hapo hufanya kazi ya hisani ambayo haikuombwa: kila keki na kila kuku anayeingia sharti kwanza angoje jiwe lipate joto, na mpishi hulipia subira hiyo katika mita.

Siku moja litapasuka. Litapasuka kwa sababu pizza iliyogandishwa iliwekwa juu yake lilipokuwa na moto, au kwa sababu maji yalilidondokea, au liliingizwa likiwa baridi katika oveni iliyokwisha kuwaka. Wataalamu huita tukio hilo mshtuko wa joto, yaani mabadiliko ya ghafla yanayoifanya sehemu moja ya kitu itanuke au isinyae kabla ya nyingine. Mwenye jiwe akisikia mlio huo asikimbilie dukani. Ikiwa halikumeguka chengachenga bali limegawanyika mara mbili tu, vipande hivyo vikisogezwa pamoja juu ya wavu wa oveni huoka pizza sawasawa na jiwe zima, na kila kimoja ni chepesi zaidi kubeba.