Sifa za Kufuli Kuu

Waandishi wa programu wakilitaja Kufuli Kuu la Python, lile waliitalo GIL, midomo huwachafuka. Ni utovu wa adabu. Sijui mtumishi mwingine aliyetukanwa miaka yote hiyo na bado akaaminiwa funguo za nyumba.

Tazama kwanza haki yake. Programu ikiwa na nyuzi nyingi, yaani mikondo ya kazi ndani ya programu moja, uzi ulioshika kufuli ndio pekee unaotekeleza maagizo ya Python. Wewe uliyenunua kompyuta ya viini 16 ili ujitambe, kaa chini ujifunze unyenyekevu: kimoja kinahesabu, 15 vinangoja zamu, kama wageni kwenye mtungi wenye kata moja. Tangu toleo la 3.2, uzi ukikaa na kufuli milisekunde 5 na mwenzake anataka, huombwa uliachie. Hakuna mkubwa wala mdogo.

Wanaolibeza hawajui linazuia nini. Kila kitu kilichomo kwenye kumbukumbu kina hesabu yake: kinatumiwa na wangapi? Ikifika sifuri, kinafutwa. Sasa nyuzi mbili ziongeze hesabu hiyo kwa mpigo. Zote zinasoma 2, zote zinaandika 3, nyongeza moja imepotea. Siku moja kitu kitafutwa mikononi mwa uzi unaokitumia, programu ianguke, na wewe utalaumu umeme.

Tena si bahili. Uzi ukingoja jibu la mtandao, hulitoa kufuli, wengine wapite. Wala si mdaku: ukiandika hesabu += 1 halijali. Agizo hilo ndani ni hatua kadhaa, na uzi mwingine una haki ya kujipenyeza kati yake. Lenyewe linalinda mali ya Python. Mali yako itafutie kufuli lako.

Maadui hawakukosa. Mwaka 2016 Larry Hastings alijaribu kuling'oa. Nyuzi zikapata uhuru, kasi ikashuka. Sam Gross alifika mbali zaidi: pendekezo lake, PEP 703, lilikubaliwa 2023, na Oktoba 2024 toleo la 3.13 likaja na namna ya majaribio isiyo na kufuli. Uzi mmoja ndani yake ulipungua kasi kwa takriban asilimia 40. Nilifurahi kupita kiasi. Katika 3.14 pengo hilo limepungua sana, habari ninayoitaja shingo upande tu, kwa sababu ukipakua toleo hilo bila kuchagua chochote, unayopewa bado ni ile yenye kufuli.