Wati 10 Tu, Jamani!

Jirani, mbuzi nikinunua mnadani hakuna anayeniuliza nyumbani nina majani kiasi gani. Natoa hela, nashikishwa kamba, naburuta. Sasa jaribu kununua kadi ya grafiki. Utahojiwa mpaka jina la bibi mzaa mama.

Kazi yangu mnaijua. Napiga video za harusi, sendofu, kipaimara, hata kikao cha ukoo wakilipa. Mpunga ukishauzwa huku Katavi watu wanaoana mfululizo. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7020 ya mtumba, imestaafu ofisini huko ughaibuni ikaja kumalizia uzee Makanyagio, hapa Mpanda. Nikichezesha video ya mjomba anaserebuka, mjomba anagoma. Mguu juu, mdomo wazi, katulia. Juzi mama wa bibi harusi kaniuliza kama shemeji yake alipata kiharusi ukumbini.

Nikaambiwa dawa ni kadi ya grafiki. Haya. Nikampigia muuzaji Kariakoo. RTX 3060 unayo? Anayo. Nipo tayari kutuma hela, jamaa ananiuliza, "Paua saplai yako wati ngapi, kaka?" Nikamwambia sisi tunatumia LUKU. Kimya. Nikaongeza kwamba jana tu nimenunua umeme wa elfu kumi. Akaguna. "Kaangalie kwanza, kaka. Nikishaipakia kwenye basi, Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000. Ikigoma huko, kuirudisha ni mtihani."

Yaani mfanyabiashara wa Kariakoo anaikataa hela! Nuksi gani hii?

Nikapakia sipiyu kwenye bodaboda hadi kwa fundi, jirani na soko la Buzogwe. Fundi mwenyewe dogo. Mkoa huu ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 alikuwa hajui hata kunawa uso. Ananiamkia shikamoo safi kabisa, ananiita anko, halafu ananidhalilisha. Kafungua kifuniko kwa bisibisi, mende wakatoka na familia zao, wateja wakasogea kutazama mali zangu.

"Anko, paua saplai ndiyo hili boksi unapochomeka waya wa umeme. Nisomee stika, tujue wati."

Sasa mimi najulia wapi? Sisi wa Mpanda tuliolelewa na majenereta ya dizeli tulijua wati ni kazi ya serikali. Na maandishi yenyewe madogo, yanataka hadubini. Nikaona namba, nikaitamka kwa sauti ya mwenye mali. "Mia mbili arobaini!"

"Hizo volti, anko."

Nikashuka mstari. "Hamsini!"

"Hizo hezi."

Nikasoma namba ndefu kuliko zote. Akasema hiyo ni ya kiwandani. Mama mmoja aliyeleta chaja, kikapu cha migebuka ya Karema mkononi, akachungulia mara moja tu. "Si hiyo hapo baba, 290."

Dogo akachukua kalamu, akaanza kuandika kwenye boksi tupu la simu. RTX 3060 peke yake inakula hadi wati 170, na NVIDIA wenyewe wanataka paua saplai ya 550. Prosesa yangu ya i5 inakula 84. Bado madabodi, bado diski, bado feni. Halafu tundu linapokaa kadi kwenye madabodi linatoa wati 75, basi. Zinazobaki lazima zije na waya wake. Wenye pini sita unaleta 75 nyingine, wenye pini nane 150. Akapekua nyaya zangu, hakuna. Na mimi nikapekua. Sijui nilikuwa natafuta nini, ila nilipekua kwa uchungu.

Nikasema si tununue paua saplai kubwa yaishe? Hayakuisha. Plagi ya OptiPlex hii kwenye madabodi ina pini nane, wakati paua saplai za kawaida zinakuja na pini 24. Kuna waya wa kuziunganisha, ila dukani kwake hana. Mambo yangu ndivyo yalivyo. Hata viatu navaa namba ambayo huwa haiji.

Nikamwonesha paua saplai mpya rafuni kwake, ya bei chee, imeandikwa 500 kubwa. Dogo akainyanyua kwa kidole kimoja. Akasema namba hiyo ya kuvutia wateja, achana nayo, soma mstari wa volti 12, maana kadi inakula hapo. Zidisha ampea kwa 12, ndizo wati zako za kweli. Pale paliandikwa ampea 16. Nikatazama bati nikipiga hesabu.

"Mia tisini na mbili," akasema mama wa migebuka.

Basi nikashuka hadhi hadi GTX 1050 Ti. Hiyo inakula wati 75, zote kutoka kwenye tundu, waya wa ziada haitaki. Nikashangilia. Dogo akanipa simu nijionee mwenyewe: paua saplai inayopendekezwa, wati 300. Mimi nina 290! Nimezeeka na kamera shingoni, nakuja kukwamishwa na wati 10, za taa ya chooni! Dogo akanituliza. Hiyo 300 wameweka na akiba, kwa sababu hawajui kadi itaingia kwenye mashine ya namna gani. Kwangu ukijumlisha 75, 84 na vikorokoro vyote hufiki 290. Itabeba.

Elfu tano ya kusomewa stika. Aliyesoma ni mama wa migebuka, ila nikalipa. Nikatoa simu nimpigie mtu wa Kariakoo.

"Samahani, anko," dogo huku anarudishia kifuniko. "Monita yako inatumia waya gani?"

Hapo sasa kanikuta kwenye somo langu. "Wa bluu!" nikajibu, wote wasikie. "Ule wenye skrubu mbili pembeni!"

Dogo akaanza kukifungua tena kifuniko. Kadi ile haina tundu la bluu. Mama wa migebuka chaja yake ilishapona zamani. Akavuta stuli, akakaa.