Kukinga kwa Wakati

Kukinga upanga katika Sekiro, mchezo wa kampuni ya Kijapani FromSoftware uliotoka Machi 2019, si kujificha nyuma ya chuma. Ni kuugonga upanga wa adui pale pale unapotua. Anayeshikilia kitufe tu hukinga kweli, lakini kipimo cha uthabiti wake hujaa hadi akayumba. Anayebonyeza kwa wakati humjazia adui kipimo chake. Anayebonyeza ovyo, kama mdai anayegonga mlango, hupunguziwa muda wa kukinga, na kwa hilo mchezo haumwambii pole.

Mwalimu wa kwanza ni Hanbei, mtu asiyekufa, anayejitolea kukatwakatwa bure. Mwalimu hasa ni Genichiro, adui anayengoja juu ya ngome ya Ashina. Karo yake ni kufa, na hakuna kiwango rahisi cha kuchagua. Alama nyekundu ya hatari ikiwaka, pigo la kuchoma hukanyagwa, la kufagia hurukwa, mikono ya kukamata hukimbiwa.

Yanonge, kando ya mto Kongo, panapotoka makaa ya kupikia Kisangani, somo hilo lina sura ya ziada kwa anayecheza kwa umeme wa jenereta. Jenereta nayo ina mapigo yake: hukohoa mara mbili, taa hufifia, kioo huzima. Aliyekwisha kuyasoma mabega ya Genichiro hulazimika kuisoma na injini, na kuchungulia tangi kabla ya kupanda ngomeni. Umeme ukirudi, Genichiro husimama na uhai wake wote. Lita ya petroli hairudi.