Moduli Zikae Nyumbani

Niacheni nisonye kwanza. Kuna watu wanapita hapa Baraka wakisema lugha zote za programu ni sawa, chagua yoyote. Sawa kwa nani? Kijana wa hapa ananunua mega kwa faranga za mfukoni, kompyuta anaichaji kwa sola, na mtandao ukikatika mchana usiutegemee kabla ya jioni. Kwake, namna lugha inavyoleta moduli, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika au italala.

Tazameni Deno, chombo cha kuendeshea programu za JavaScript, toleo lake la kwanza kamili la 2020. Unaandika anwani ya intaneti ndani ya programu yenyewe, moduli inashuka kutoka huko. Rahisi, na ikishashuka mara moja inahifadhiwa. Lakini ifungue kazi hiyo hiyo kwenye mashine ya mwenzako wakati mtandao haupo: mtaitazama tu. Hata wenye mtandao wa uhakika walilia Machi 2016, mtunzi wa moduli ndogo iitwayo left-pad alipoiondoa kwenye npm, hazina ya moduli za JavaScript. Mistari 11 tu! Miradi mikubwa mikubwa ikagoma kujengwa.

Python naipenda, nasema kweli. Unaweza kuita moduli ndani ya funksheni, isipakiwe mpaka ihitajike; kwenye mashine kuukuu hiyo ni neema. Ila uhuru wake una mitego. Mwanafunzi anaandika from os import * kwa haraka, akileta majina ya moduli os kwa mkupuo, halafu anataka kusoma faili la bei za ndagala kwa open("bei.txt"). Programu inamgomea, inadai kitu kinachoitwa flags. Maskini, open ya kawaida imefunikwa na open ya os, kimyakimya, bila onyo, naye betri inamwishia akitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Lugha ya Go, inayoita vipande vyake vifurushi, haina huruma. Umeita kifurushi hujakitumia? Haijengi. Hiki kinaita kile, na kile kinaita hiki? Haijengi. Vijana wanasonya kwamba inawachelewesha. Basi nami nawasonya: heri ikukatalie sasa hivi ukiwa mezani kuliko ikuangushe mbele ya mteja. Tena ina amri, go mod vendor, inayonakili vifurushi vyote vya nje unavyovitegemea ndani ya folda ya mradi. Folda inanenepa, ni kweli, na marekebisho ya usalama hayaji yenyewe, lazima uyafuate. Lakini unaiweka kwenye flashi, unapanda nayo hadi Fizi, na kwenye mashine yenye Go inajengwa bila hata mega moja.

Ninyi mnaofundisha vijana wetu, amri hiyo ifundisheni wiki ya kwanza.