Ombi la Kumtambua Shemeji Kisheria

Kwa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania,

Sisi wanunuzi wa Ngara na Biharamulo, ambao duka letu siku hizi ni simu na soko letu ni Kariakoo tusiyoikanyaga, twatanguliza shukrani kabla ya ombi, kwa kuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyoigwa kutoka ile ya Waingereza ya mwaka 1893, mmeiacha ikae kwa amani, hata leo yasema, kama ilivyosema zama za meli za makaa, kwamba muuzaji akishamkabidhi mchukuzi mali, maadamu hapana mapatano mengine, huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe.

Muradi wake huku kwetu ni kwamba mama wa Rulenge aliyelipia blenda kwa simu huwa amekwisha kuipokea tangu ilipotiwa katika buti la basi pale Mbezi Luis, ijapokuwa kati yake na hiyo blenda kuna Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi na Benaco, zaidi ya kilomita 1,200, na yeye saa hiyo yuko shambani akipogoa migomba. Twaistaajabia sheria iwezayo kumrefusha mkulima mkono kiasi hicho.

Waama, si safari itupotezeayo mali. Basi, kwa insafu, aghlabu hufika salama. Mali hupotea baada ya kufika. Mwenye kutaka ushahidi na aingie chumba cha mizigo: maboksi yamezungushiwa selotepu, jina limeandikwa kwa maka pen, tarakimu za mwisho za simu zimefutika kwa kusuguana njiani, na juu ya kaunta pana daftari la shule ambamo, mbele ya jina la mwenye mzigo, pana sahihi isiyosomeka. "Ulishachukuliwa," husema kijana wa zamu, "alikuja shemeji yako." Shemeji yupi? Kijana hajui, ila alikuwa mtu wa heshima, alilitaja jina, akasaini. Muuzaji akipigiwa simu hutuma picha ya risiti ya basi, nayo risiti, kwa herufi ndogondogo, yasema kampuni haitahusika na upotevu.

Tena shemeji huyu ana historia tukufu. Mwaka 1922, huko Uingereza, katika shauri la Galbraith na Grant dhidi ya Block, kasha la shampeni lilipelekwa kwa mnunuzi, likapokewa na mtu aliyetia sahihi kisha likatoweka, na mahakama ikanena kwamba muuzaji aliyemkabidhi, pasipo uzembe, mtu aonekanaye kuwa na idhini, ametimiza wajibu wake. Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wetu, na tena ilihusu mlango wa mnunuzi. Lakini kwetu kaunta ya basi ndiyo mlango, na katika Ngara, ambako Wahangaza na Washubi wameoana vya kutosha, ni nani asiyeonekana kuwa shemeji?

Kwa hiyo twaomba mumtambue rasmi. Asajiliwe, apewe ofisi pale njiapanda ya Lusahunga, na zile siku 7 ambazo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yampa mnunuzi aghairi baada ya kupokea mali, zihesabiwe kwake yeye, maana ndiye aliyepokea. Huenda rangi haikumpendeza, akarudisha.

Lau ombi hilo ni zito, tunalo jepesi. Waingereza wenyewe, waliotuachia sheria hii, walikwisha kuandika mwaka 2015 kwamba mali aliyoinunua mlaji, asipojichagulia mchukuzi wake mwenyewe, hubaki katika dhima ya mfanyabiashara mpaka ifike mikononi mwake au mwa mtu aliyemtaja. Nasi tuandikieni hivyo katika Sura ya 214, mkiongeza kwamba anayetoa mzigo adai kwanza kitambulisho, au namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mnunuzi. Jambo lisilomtaabisha mtu yeyote isipokuwa shemeji.

Mkiisha kuiandika, twawasihi msiipeleke Bungeni kwa kuiacha kaunta: akabidhiwe Spika mwenyewe, atie sahihi inayosomeka.

Wenu watiifu,
Wanunuzi wa Ngara na Biharamulo