Kidole na Maombi

Mfanyabiashara wa Nairobi mwenye simu ya kioo hatumi pesa kwa kidole peke yake. Hutuma kwa kidole na maombi. Anaandika nambari, anairudia kwa sauti, anamwonyesha jirani kwenye kiti aihakiki, anavuta pumzi, ndipo anagusa. Na hata akishagusa, macho hayabanduki mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie. Vituko hivi tumevizoea hadi tunaviita uangalifu. Mimi nadai ni dalili ya kifaa kisichoaminika kwa kazi kilichopewa, na kwamba anayenunua simu ya kazi, hasa kazi ya kuuza na kununua kati ya Luthuli Avenue na Kawangware, angeulizia vitufe kabla ya kuulizia kamera ina macho mangapi. Najua dai hili linanuka uzee. Nivumilieni.

Tuanze na makosa yenyewe, maana makosa hayalingani. Ukiandika maneno kwenye kioo, simu ina kamusi inayokusahihisha bila kuombwa, na kamusi hiyo mara nyingi imelelewa kwa Kiingereza. Mteja anaandika "sawa", simu inatuma "saws": amekubali bei kwa kukutumia misumeno. Mwingine anaandika yuko "hapa" Westlands, simu inatangaza yuko "happy" Westlands, jambo ambalo saa kumi na moja jioni, magari yamesimama, hakuna atakayeliamini. Lakini nani amepata hasara? Msomaji anacheka, anajaza pengo, biashara inaendelea. Nambari haina huruma hiyo. Hakuna kamusi duniani inayojua kwamba ulikusudia 0722 na si 0721. Zote mbili ni halali, zote zina mwenyewe, na mwenyewe huyo naye anapenda pesa. Sufuri moja ya ziada haipigiwi mstari mwekundu. Huipa mia tano ukubwa wa elfu tano na kunyamaza. Kwa hiyo kioo kinakusahihisha kwa bidii pale kosa linapoleta kicheko, na kinakaa kimya pale kosa linapokula kodi ya nyumba.

Nitaambiwa kwamba siku hizi kuna Hakikisha, jina la mpokeaji linatokea kabla pesa haijatoka. Ni kweli, na limeokoa wengi. Ila jina linamsaidia anayelijua. Fundi aliyekupa nambari yake anaitwa Otieno, jina linalotokea ni la mwanamke, na ukimuuliza anakujibu laini imesajiliwa kwa jina la shemeji. Baada ya mashemeji kadhaa, mtu huacha kusoma na kukubali tu. Halafu kuna kuutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 pesa zirudishwe: ukiwahi, pesa hushikiliwa, ukichelewa, mpokeaji ameshanunua tokeni za stima, na wewe unamwashia taa mtu usiyemjua.

Kwa nini basi vitufe vikosee mara chache kuliko kioo? Kwa sababu kitufe humjibu kidole kabla ya kutenda. Kina ukingo unaosema umefika, kina mbonyeo unaosema umebonyeza, na cha tano kina kipele kidogo katikati ambacho kidole gumba hukitambua gizani. Nenda Biashara Street umtazame mwenye duka la vitambaa anavyopiga hesabu kwenye kikokotoo chake. Macho yako usoni mwako, yanapima utaongeza ngapi. Vidole viko kazini peke yao, vimeianza safari kwenye kile kipele na kurudi hapo kila baada ya tarakimu. Akikugeuzia kikokotoo uone jumla, hajakitazama hata mara moja. Mpe huyo huyo kioo laini umlazimishe kuinamisha kichwa, na umemnyang'anya nusu ya ujuzi wa kupatana bei.

Isitoshe, kioo cha simu za leo hakihisi msukumo. Kina umeme mdogo uliotandazwa juu yake, na ngozi ya kidole ikigusa inauvuruga umeme ule. Simu inajua mahali ulipovurugika. Ufundi mzuri sana mahali pakavu. Lakini maji nayo hupitisha umeme, kwa hiyo mvua ya Aprili ikikukuta steji ya Kangemi, matone yanaanza kubonyeza yenyewe, na huwezi kuyalaumu, yamefanya kila ambacho kidole hufanya. Upande wa pili, chochote kinachoitenga ngozi na kioo vya kutosha huinyamazisha simu. Mpishi wa chapati mwenye unga mkononi anaitikiwa akibahatika. Mwendesha boda wa Waiyaki Way, asubuhi ya Julai yenye baridi, anapigiwa na abiria akiwa amevaa glavu. Anasugua kioo mara tatu, anaing'ata glavu kwa meno kuivua, na akishafaulu simu imekatika. Kitufe hakiulizi umevaa nini.

Pingamizi zito zaidi ni la soko: kama vitufe ni bora hivyo, mbona vilikufa? Tarehe 9 Januari 2007, San Francisco, Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza na kuzisimanga simu za kazi za wakati ule, zile za akina BlackBerry, kwamba vitufe vyao vya plastiki vimekaa palepale uvihitaji usivihitaji. Wiki nane baadaye, Machi 6, Safaricom ikazindua M-Pesa, na taifa zima likajifunza kuhamisha mshahara, karo na mchango wa harusi kwa vitufe vilevile vilivyosimangwa. Waundaji wa BlackBerry kule Kanada waliingiwa na kiwewe hadi mwaka 2008 wakatoa Storm, simu isiyo na kibodi, ambayo kioo chake chote kilibonyea ukikikandamiza: kitufe kimoja, kikubwa sawa na simu. Mwaka 2016 walitangaza kuacha kuunda simu wenyewe, na Januari 4, 2022 wakazima huduma za zile za zamani. Soko limesema, sikatai. Ila lilikuwa linajibu swali jingine. Kibodi ilikula nusu ya uso wa simu, na mtu anayetaka kutazama mpira hawezi kuisamehe. Kioo kilishinda kwenye video na picha. Hakuna aliyekipa mtihani wa hesabu. Benki, ambazo pesa zinaziuma kuliko sisi, zinalijua hilo: mashine ya kutolea pesa ina skrini yake nzuri, lakini nambari ya siri unaibonyeza kwenye vitufe vya chuma, na cha tano kina kipele.

Yapo yasiyowezekana bila kioo, nakiri. Huwezi kumtumia mteja wa Lavington picha ya kochi kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, wala kutafuta geti lake kwenye ramani. Na simu yenye kibodi na akili pamoja, ukiiulizia madukani Luthuli, muuzaji atakuonyesha kava. Ndiyo maana jiji lenyewe lilishapata suluhu bila kumsubiri mwandishi: simu mbili. Kioo cha picha na porojo, kabambe, au mulika mwizi, ya laini ya pesa. Kabambe inakaa na chaji siku kadhaa, *334# haihitaji bando, na wanaonyakua simu dirishani mwa matatu hawanyooshi mkono kwa kitu cha namna hiyo. Inasemekana hata ukiporwa barabarani hurudishiwa, pamoja na maneno makali kuhusu maisha yako.

Limebaki suala la heshima. Mtu anaogopa kuweka kabambe mezani kwenye mkahawa wa Westlands, mteja asije akamdharau. Hofu hiyo haina msingi. Mteja wa Nairobi akiona kabambe mezani anawaza mambo mawili tu: ama huna kitu, ama una ploti tatu Kinoo. Akiwaza la kwanza, hatakuomba mkopo. Akiwaza la pili, atakuuliza kama kuna bedsita iliyo wazi.