Mbwa Ndiye Anayepumua

Usiku ukiingia Bunia, jimboni Ituri, Kongo, baba wa nyumba hufunga makomeo mawili na kufuli tatu, kisha huziba dirisha kwa ubao. Mei 2021 serikali iliweka Ituri chini ya hali ya kuzingirwa. Naye akaona afadhali aizingire familia yake mwenyewe.

Kwa kuwa usiku una baridi, mbabula ya makala nayo huingizwa ndani. Mbwa pekee hufukuzwa nje, apambane na wezi. Asubuhi mbwa huamka mchangamfu. Wenye nyumba huamka na vichwa vizito, wakilaumu uchawi wa jirani.

Gesi ya makala haina rangi wala harufu, na haipigi hodi. Mzee, mwizi huiba redio. Mbabula huiba ukoo. Itoe nje, ikae na mbwa.